Vipimo Safi, Mikono Migonjwa

Jumapili, 4 Agosti 2002

Nimekuweka kando sana, kitabu changu, na sina uso wa kukufungua. Mara ya mwisho ilikuwa wiki ya Pasaka na ukurasa ule niliuacha katikati ya neno. Si kwamba nilikusahau. Nilikuona hapo juu ya kabati kila nilipochukua chumvi. Ni kalamu ilikuwa inaanguka. Naishika, naandika mstari mmoja, halafu vidole vinafunguka vyenyewe kama mlango usio na komeo. Nikaona heri ninyamaze.

Leo nimejaribu kwa sababu ni asubuhi, na asubuhi mikono bado ni yangu. Kanini amenyonya akalala. Baba yake, Titus, ameenda kanisani peke yake, nimemwambia nabaki kufua. Nimefua soksi mbili.

Nianze basi. Ilikuja Februari, nikisokota mkonge pajani, kazi ninayofanya tangu niko darasa la tano. Moto ukatoka kiwiko mpaka kucha, kama mtu aliyesaga pilipili akasahau kunawa. Nikadhani ni uchovu. Mwezi wa tatu vidole vikaanza kufunguka bila kuniuliza. Siku zingine miguu nayo inakuwa mizito, kama nimetembea kutoka Kangundo, na nimetoka tu kitandani.

Wamepima malaria, hakuna. Taifodi hakuna, lakini dawa ya taifodi nikapewa, eti nisirudi bure. Damu, sukari, presha. Ule ugonjwa mkubwa pia, siku hiyo nilikaa kwenye benchi nikiomba kimoyomoyo mpaka nikaitwa mara mbili bila kusikia. Hakuna. Picha ya shingo. Daktari aliishika kwa dirisha, akasema mama, vipimo vyako ni safi, enda nyumbani ufurahi.

Nikafurahi mpaka kwa geti. Nikatoa mkono nifungue, mkono ukakataa. Askari akanifungulia, akaniangalia kama mlevi.

Jumanne, 6 Agosti

Kila mpangaji kwenye ploti hii ako na ugonjwa wa kunipa. Mama wa chumba cha mbele anasema ni baridi imeingia kwa mifupa. Fundi wa viatu anasema ni ulcers. Mmoja, sitamtaja, alisema kwa sauti ya kutosha mimi kusikia kwamba nimepata mikono ya ofisi, inangojea tu ofisi.

Wangare wa chumba cha pili ndiye hajanipa ugonjwa. Yeye huuza ovakado na vyondo vyangu, vikapu vya mkonge ninavyosuka, pale soko la Marikiti. Leo amekuja kuangalia kiondo kile kimoja kinachoning'inia kwa msumari tangu Juni, nusu.

"Mama Kanini, hiki kiondo kinangoja nini?"

"Kinangoja asubuhi."

"Asubuhi ya mwaka gani?"

Tulicheka. Halafu akakaa akanipasulia kuni bila kuambiwa. Huyu mama wa Nyeri ana mdomo, lakini mikono yake ina adabu.

Nimesuka mistari miwili kabla Kanini hajaamka. Mistari miwili ni mistari miwili.

Jumamosi, 10 Agosti

Titus amefika kutoka Athi River na vumbi la kiwanda kwa nyusi. Kabla hajaweka mfuko chini anamsalimia mtoto. "Mwaitu, umeamkaje?" Kwa Kikamba ni mama, na humwita hivyo kila Jumamosi kwa sababu mtoto amebeba jina la mama yake, na kwetu jina si jina tu, ni mtu. Kanini wa Katangi, Kanini wa Machakos. Mkubwa ana meno machache, mdogo pia. Mtoto akitupa ugali chini mimi namkemea kwa jina la kanisani, Kanini siwezi. Utamwambiaje mama mkwe mjinga?

Baada ya chakula Titus aliniuliza polepole, akiangalia taa.

"Ndila, lakini uko na hakika si mawazo?"

"Mawazo yanaweza kuangusha sufuria?"

"Sijui. Nauliza tu."

"Mimi pia nauliza tu."

Hakukasirika. Alinishika vidole akavifunga kwa vyake, kimoja kimoja, kama mtu anayefunga vifungo vya shati la mtoto. Ni mtu mzuri. Lakini niliona anangojea vifunguke ndio aamini, na saa hiyo havikufunguka. Viliamua kuwa vizima mbele yake. Nilivichukia.

Jumatano, 14 Agosti

Uji. Mkono umekataa. Kesho.

Alhamisi, 15 Agosti

Nimeomba asubuhi inipe saa moja.

Jana nilikuwa natoa uji kwa jiko. Kanini alikuwa chini, karibu na mguu wangu, akicheza na kifuniko. Nilikuwa nimeshika vizuri, nakumbuka, na kitambaa, na nikajiambia shika vizuri. Mkono wa kulia ukafunguka. Sikuhisi maumivu, sikuteleza, hakuna kitu cha kusema kilinisukuma. Ulifunguka tu. Sufuria ikaenda upande, uji wote sakafuni, mwingine ukaruka.

Mtoto amepata malengelenge matatu madogo juu ya mguu. Madogo. Wangare alikuja mbio na beseni la maji baridi akamtumbukiza mguu, mimi nimesimama tu nimeshika mkono wangu kama mtu aliyeshika mwizi.

Kama sufuria ingeenda upande ule mwingine. Sitaandika.

Nimejiwekea sheria. Mtoto akiwa chini, mimi sishiki kitu cha moto. Jiko litatoka chini liende juu ya mawe. Sufuria isiyo na masikio mawili, siitumii.

Halafu nikaenda Posta kwenye kibanda cha simu nikapigia kiwanda, nikangoja waende wamwite Titus. Nilitaka asikie kwangu kabla hajasikia kwa ploti. Nilimwambia yote, na ule upande mwingine pia. Akasema atamtumia mama yake habari.

Sikumwambia usimtumie. Ningesema nini?

Jumapili, 18 Agosti

Mwaitu mwenyewe, mama yake Titus, amekuja jana kutoka Katangi. Kuku mmoja, kunde, na mbaazi mbichi kwa kiondo alichosuka yeye mwenyewe kabla mimi sijazaliwa. Sijawahi kusuka kwa kubana hivyo.

Alitaka kuona mguu wa mtoto kwanza. Aliuangalia sana. Halafu akaita mikono yangu. Akaipindua juu chini, akaitemea mate kidogo katikati ya viganja, vile wazee wetu hubariki, akamwomba Ngai aifunge. Nilishukuru. Yalikuwa na joto, na kwa dakika moja moto wa kiwiko ulinyamaza, ama nilitaka unyamaze.

Halafu leo baada ya kanisa akasema ni wakati wa mtoto kuachishwa ziwa. Mwaka na miezi minne imetosha. Aende Katangi, huko ataacha bila kulia sana, akirudi ni msichana mkubwa. Ni kawaida. Mimi mwenyewe niliachishwa kwa susu, nyanya yangu. Nilikubali, na Titus alikuwa anaitikia kwa kichwa kabla Mwaitu hajamaliza.

Nikafungua sanduku nikatoa nguo mbili na sweta.

"Zote," Mwaitu akasema.

"Zote, Mwaitu?"

"Za baridi pia. Na kadi yake ya kliniki, akishikwa na homa huko nisihangaike."

Mtoto wa kuachishwa ziwa huenda na nguo mbili. Hilo kila mwanamke wa Ukambani anajua. Nguo zote ni kuhama.

Nikamwangalia Titus. Titus akaangalia kuku.

Nikamwambia Mwaitu kadi sijui nimeiweka wapi. Nilikuwa nimeikalia.

Jumatatu, 19 Agosti

Wameondoka asubuhi. Kanini mdogo alinipungia mkono, akafurahia gari.

Maziwa yanatoka yenyewe. Hayo hayajaambiwa.

Ijumaa, 23 Agosti

Nimelala siku mbili. Wangare aliingia bila kubisha akafungua dirisha.

"Unaomboleza nani?"

Nikamwambia hakuna mtu amekufa.

"Basi toka kitandani, unatisha wapangaji."

Nikamweleza kuhusu nguo. Alisikiza mpaka mwisho, jambo ambalo si kawaida yake. Akasema huyo mama mkwe si mbaya, anaogopa. Nikasema najua. Mimi pia naogopa, hata mimi ningeogopa kumwachia mtoto mama anayeangusha uji. Hilo ndilo linaniuma. Hajasema uongo wowote.

"Basi utafanya nini?"

"Nitakuwa mama asiyeangusha."

"Na mikono je?"

"Mikono itaangusha. Mimi sitaangusha."

Wangare alinitazama akasema nimeanza kuongea kama mhubiri, nikule kwanza.

Jumanne, 27 Agosti

Kliniki. Nilijiambia nisipeleke moyo huko, nipeleke mikono tu.

Daktari mpya, mwanamke mfupi, amechoka kuliko mimi. Nilimwekea mezani makaratasi yote, yale yote yanayosema hakuna. Aliyasoma hadi la mwisho. Halafu akayaweka kando akanigonga kwa nyundo ndogo, magoti, viwiko. Akanidunga na pini, hii ni kali ama butu? Akaniambia nifinye vidole vyake viwili kwa nguvu na nisiachilie. Tukakaa hivyo. Akaniuliza mtoto anaitwa nani. Nikamwambia. Akauliza yuko wapi. Nikamwambia.

Na katikati ya kumwambia, mkono ukafunguka.

Aliuona. Ni mtu wa kwanza mwenye koti jeupe kuuona ukifanya hivyo. Akaangalia mkono, akaangalia uso wangu, akangojea. Mkono ulikaa wazi muda. Alijaribu kuufunga, haukumsaidia wala haukumzuia.

Akasema, "Sijui hii ni nini."

Nikasema wengine wanasema hakuna kitu.

"Mimi sisemi hakuna. Nasema sijui. Si kitu kimoja."

Kila mwezi nirudi, atapima tena, atauliza wakubwa wake Nairobi, pengine watapata, pengine hawatapata. Hakunidanganya kuhusu hilo. Kwa sasa nifanye kazi saa zile mikono iko vizuri, nikae chini nikifanya, vitu vyangu viwe vinene pa kushika. Nilitaka kulia lakini nikaona ataandika ni mawazo, nikajifunga. Nirudi tarehe ishirini na nne Septemba.

Mambo ya ajabu. Nimetoka kliniki bila ugonjwa, bila dawa, na nimetembea hadi nyumbani kama mtu aliyepewa kitu.

Alhamisi, 29 Agosti

Kazi tangu jana.

Jiko liko juu ya mawe, Wangare na mimi tumelibeba, yeye akilia mgongo. Mwiko nimeuviringishia kitambaa mpaka umekuwa mnene kama gunzi. Vikombe vya glasi nimempa mama wa mbele, nimebaki na vya plastiki. Nimemnunulia Kanini kikombe cha masikio mawili. Nimekijaribu kwa chai yangu. Mkono mmoja ukilala, mwingine uko macho. Nimekunywa chai yote bila kumwaga! Nikanywa ya pili kwa furaha.

Halafu mgongo. Mtoto hubebwa na leso moja na mkono unasaidia nyuma. Mkono wangu hauwezi kuaminiwa nyuma, siuoni. Kwa hivyo leso mbili: ya kwanza kama kawaida, ya pili inapita chini ya matako, juu ya bega moja, fundo kifuani mahali naliona. Nilifunga pakiti mbili za unga, moja ya Jogoo, moja ya Hostess, nikazunguka ploti, nikainama, nikapanda ngazi ya choo, nikainua mikono yote miwili juu kama mtu aliyeshikwa na polisi.

Unga haukuanguka.

Wangare alitoka na ovakado mdomoni. "Huyo mtoto amefanana na baba yake."

"Kwani," nikasema, "baba yake ni Jogoo ama Hostess?"

Sasa ploti nzima inaniita Mama Unga. Sawa. Afadhali Mama Unga kuliko Mikono ya Ofisi.

Jumamosi, 31 Agosti

Nimemwonyesha Titus kila kitu. Jiko, mwiko, leso. Alisema ni vizuri, ni vizuri sana, kwa sauti ile ya kumsifu mtoto.

Halafu akatoa lililomleta. Mwaitu amemtumia ujumbe kwamba mtoto amezoea, halii tena, na tumwache mpaka mvua ya Oktoba ipite, mpaka mavuno, mpaka nipone.

"Nipone nini?"

Aliinama akafungua kamba za viatu.

"Titus, nikingoja kupona kitu kisicho na jina, huyo mtoto atarudi akiwa na ndevu."

Alicheka bila kutaka. Nikamwambia Jumanne naenda Katangi. Akasema na nikianguka njiani? Nikasema nitaanguka kichwa kikielekea huko. Akasema tusimvunjie Mwaitu heshima. Nikasema siendi kuvunja, naenda kukaa. Mtoto akiwa Katangi, na mimi ni wa Katangi. Si hapo nilipoolewa?

Alikaa. Baadaye nikasikia anachimbachimba kwa sanduku. Alikuwa ananikunjia nguo.

Jumatano, 4 Septemba. Katangi

Nilifika jana mchana. Mwaitu alikuwa uani anapepeta mbaazi. Kanini alikuwa nyuma yake na kijiti. Nilimwita. Aliniangalia, halafu akaingia nyuma ya sketi ya Mwaitu na kutoa jicho moja tu.

Sikulia. Nilikaa chini hapo hapo kwenye vumbi, nikaanza kuchambua mbaazi kama mtu aliyekuja kuchambua mbaazi. Baada ya muda kijiti kikanigusa goti. Halafu mkono. Halafu akaniwekea kiganja hapa kifuani, palepale, akakipumzisha, akanitazama. Hakuomba. Ameacha. Mwaitu alimtuliza kwa chupa ya kunyonyea, halafu akaipaka shubiri siku mbili, mtoto akaacha. Alifanya kazi nzuri, na nitalisema hivyo hata kama linaniuma.

Leo asubuhi, nikiwa na mikono, nilimpikia chai mimi. Nikampa kwa mikono miwili kama inavyotakiwa. Akaniuliza nimekuja kumchukua?

"Nimekuja kuwa naye, Mwaitu."

"Huyu ni mimi. Amekuja kwake. Jina limekaa na jina."

"Ni kweli. Huyu ni wewe."

"Basi."

Nilikuwa nimelifikiria hili tangu Machakos, nikiwa na unga mgongoni. Nikasema, kwa heshima, nikiangalia chini:

"Kama huyu ni wewe, Mwaitu, basi ni mimi nilikuzaa. Mimi ndiye mama yako. Sasa wewe niambie, ni nani alimtoa Kanini kwa mama yake?"

Nilidhani atanitupia chai.

Alicheka. Meno yote hayo machache. Akasema mjini wamenifundisha mdomo. Akasema mama ambaye anachoma mtoto wake na uji ni mama wa namna gani. Alisema akicheka, lakini alilisema.

Nikamwambia ni mama anayejua. Sitamwahidi kwamba mkono hautafunguka. Nitamwahidi kwamba ukifunguka hakutakuwa na mtoto chini yake.

Alimaliza chai.

Jumamosi, 7 Septemba

Nafanya kazi mpaka jua likifika juu ya bati, baada ya hapo nachagua. Maji sichoti, nabeba mtoto mpaka kisimani na mtungi anaubeba Mwaitu mwenyewe. Majirani wanaona. Wameanza.

Jana mke wa jirani alipita, akasema kwa Kikamba kizuri kilichonyooka, eti mke wa Titus amekuja likizo, na ngozi inang'aa. Nilikuwa naenda kujibu. Nikajinyamazisha. Mtu aliyekatika mkono haulizwi kwa nini halimi. Mimi mikono yangu yote iko hapo, mizima, inapendeza, ndiyo inayonishitaki.

Mwaitu alimsikia pia. Anaangalia tu. Ananiangalia nikikoroga, nikifunga leso, nikiinuka. Ananipima, huyu naye. Kipimo cha Katangi.

Jumapili, 8 Septemba

Nataka kuandika hili pole pole nisiliharibu.

Jioni tulikuwa tunakaa mlangoni tukimenya mbaazi, Mwaitu na mimi, Kanini ameegemea mgongo wangu amelala. Mikono ilikuwa imechoka lakini inaenda. Nikachukua ganda, nikaliminya, na vidole vikasimama. Si kufunguka. Vilisimama tu, ganda likiwa katikati, kama mtu aliyesahau alichokuwa anasema. Sikufanya kitu. Nimejifunza kutopigana navyo, vikipigwa vita vinawaka moto zaidi. Nikangoja.

Mwaitu aliliona ganda halivunjiki. Aliweka ungo chini. Akanyoosha mkono akachukua wangu, akalitoa ganda, akajaribu kidole cha kwanza. Kikakunjika kama cha maiti, kikarudi. Cha pili. Cha tatu. Alirudi mwanzo akarudia vyote. Akanibonyeza kwenye kiwiko na mimi nikavuta pumzi, na yeye akaona nimevuta.

Mama huyu amewahi kumtoa ndama aliyekwama tumboni mwa ng'ombe kwa mikono yake. Anajua mwili unaodanganya na usiodanganya.

Aliulaza mkono wangu magotini mwake, akaushika kwa mkono mmoja, akaendelea kumenya mbaazi kwa ule mwingine, mpaka giza likaingia na wangu ukarudi. Aliusikia ukirudi kabla yangu. Akaniachilia, akasema twende ndani, mtoto atapata baridi.

Jumanne, 10 Septemba

Mke wa jirani amerudi kukopa ungo. Akaniona nimekaa, akasema aa, likizo bado?

Mwaitu alikuwa ndani. Alitoka mpaka mlangoni.

"Huyu ni mgonjwa," akasema.

"Wa nini, Mwaitu?"

"Hatujui. Wewe unajua?"

Jirani akasema hapana.

"Basi tumelingana. Ungo ndio huu."

Nilienda nyuma ya nyumba nikalia kidogo, ya kutosha, nikanawa.

Jumatano, 11 Septemba

Tumeongea. Si yote.

Mwaitu anasema nikae mpaka mvua inyeshe, sote watatu, tuone. Nimekubali. Anasema mtoto aendelee kulala kwake, amezoea. Nimesema hapana, analala na mimi, kitanda changu ni cha chini, hata mkono ukifunguka hakuna mahali pa kuanguka. Akasema tutaona. Nikasema tutaona, Mwaitu. Jana alilala na mimi. Leo sijui, bado wako nje wanafunga mbuzi.

Kuhusu tarehe ishirini na nne: anasema niende kliniki, lakini niende peke yangu, mtoto nimwache. Nimemwambia daktari ameuliza jina lake, nataka amwone. Mwaitu akasema yule daktari anapima mikono ama anapima watoto. Kisha akaenda. Hili halijaisha. Nikimwacha tena, hata siku moja, itakuwa nimekubali abaki. Na nikimbeba bila idhini yake nitakuwa nimemvunja huyu aliyenisimamia kwa mlango. Niko na siku za kufikiri. Asubuhi zake, hasa.

Kioko wa duka anaenda Machakos kesho kuchukua sukari, atapitia Marikiti kwa Wangare. Mdomo wa Kioko unasahau, kwa hivyo nitaviandika hapa kwanza, halafu nikate karatasi nimpe. Vya kuletwa:

Mwiko ule mnene wa kitambaa. Wa hapa ni mwembamba, unanitoroka.

Sufuria ya masikio mawili, ile ya kati.

Kikombe cha Kanini cha masikio mawili. Na kingine kama hicho kama Wangare atakipata sokoni, changu. Tumechoka kupokezana.

Leso ya pili, ya kijani. Hapa namfunga kwa ya Mwaitu, na tarehe ishirini na nne nitaihitaji, nikienda naye.

Kiondo kilicho kwa msumari, na mkonge uliobaki. Mwaitu amesema anataka kuona nilikosea wapi.

Makaratasi ya hospitali yote. Hata yale yanayosema hakuna. Hasa yale.

Mwaitu ameingia sasa hivi, Kanini amelala begani kwake. Ameniuliza naandika nini. Nimemwambia ni vitu vya kutumwa. Akasema niandike na kiti changu kile kifupi cha kusukia, atachoka kuniona nikikaa kwenye mtungi wa mtu. Amesimama hapo katikati ya vitanda viwili na mtoto, hajamlaza.

Kiti kifupi.

Na kadi ya kliniki ya Kanini, ile niliyoikalia. Iko chini ya godoro, upande wangu, karibu na ukuta. Wangare asimpe Titus. Aifunge kwa karatasi, aandike juu jina langu, iletwe mkononi mwangu.